Uani kwa Bi Mkubwa: Pagale la Chamazi

Bahasha ya mwezi huu imejaa nyumba. Sishangai. Kodi nyingi za miezi sita huisha Juni, na mwenye nyumba akishagonga mlango kusema "mwezi ujao nitaongeza kidogo," hapo ndipo watu wanapokumbuka kwamba na wao walitaka pa kwao. Nimeanza na barua ndefu, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi.

SHIKAMOO Bi Mkubwa. Mimi na mume wangu tunaishi Tandika, chumba kimoja cha 60,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Watoto wawili. Mume ni dereva wa bodaboda, pikipiki alimaliza mkataba mwaka jana, sasa ni yake. Mimi nauza vitumbua na supu alfajiri. Kwa kikoba na kibubu tumefikisha milioni 11. Dalali ametuonyesha pagale Chamazi, vyumba vinne, limefika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halina bati, eneo hatua 20 kwa 20. Bei milioni 13. Anasema tulipe 11 tulichukue, mbili tumalizie ndani ya miezi mitatu, halafu tukope bati, tupaue vyumba viwili, kimoja tukae, kimoja tupangishe kwa 50,000, nyumba itajilipa yenyewe. Mume anataka tuwahi kwa sababu kuna mteja mwingine. Mimi moyo unasita. Tufanyeje?
Mama Vitumbua, Tandika

Marahaba mwanangu, na pole na alfajiri zako.

Huyo mteja mwingine namfahamu. Alikuwepo hata mwaka 2010 niliponunua mimi. Kila pagale la Dar es Salaam lina mteja mwingine anayekuja kesho saa nne na hela mkononi, na sijapata kukutana na mtu aliyemwona uso. Tumwache aende akanunue, sisi tukae tuhesabu.

Mna milioni 11, na dalali anajua, ndiyo maana pagale ni 13. Mngemwambia mna 8, naamini lingekuwa 10. Hilo limeshapita. Ila lishikeni hili: milioni 11 zenu si bei ya nyumba. Humo humo kuna nyumba, mbao, bati, choo, maji, kuvuta umeme, na kirikuu cha kuhamisha vyombo. Mkizimaliza zote kwenye pagale mtakuwa na kuta za kuangalia mvua, na kodi ya Tandika inaendelea kama kawaida. Milioni mbili kwa miezi mitatu ni kama 667,000 kila mwezi. Hesabu mwenyewe ni vitumbua vingapi. Na bati mkope wapi, wakati kikoba mmeshakivunja? Watabaki wale wakopeshaji wa riba kali, kausha damu. Hao wanataka kadi ya pikipiki, na siku wakiichukua pikipiki mtakuwa mmeuza kazi ya baba watoto ili mpate chumba cha kupangisha.

Na hiyo 50,000 yenyewe. Dalali anaizidisha kwa 12 anapata 600,000. Mimi napangisha vyumba vitano, huu mwaka wa kumi na zaidi, na sizidishi kwa 12 hata siku moja. Nazidisha kwa 10. Kuna mwezi mpangaji ametoka na mwingine hajaingia, kuna mwezi wa kupaka chokaa na kubadilisha kitasa, na kuna yule wa "mama mwenye nyumba nivumilie mpaka tarehe tano," kumbe tarehe tano ya mwezi gani hakusema. Andikeni 500,000. Tena haziji mwezi kwa mwezi, zinakuja mafungu mawili. Kodi ya miezi sita ikiwa mkononi inafanana sana na utajiri. Wiki ya tatu unaambiwa shimo la choo limejaa, na hela umeshanunulia friji.

Sasa tazama upande wa pili. Mkihamia kwenu hamtalipa tena 60,000. Hiyo ni 720,000 kwa mwaka, haichelewi, haiombi kuvumiliwa, na haiondoki usiku na funguo. Mpangaji wenu bora kwa miaka miwili ya kwanza ni nyinyi wenyewe. Dalali hilo hakuwaambia kwa sababu yeye analipwa siku ya kuuza. Kwa hiyo msitafute nyumba ya kupangisha. Tafuteni nyumba ambayo mtaweza kuingia haraka bila deni, yenye nafasi ya kuongeza chumba cha mpangaji mkishapumua.

Ngoja nikusimulie ujinga wangu, kwani nilioga humo humo mnamotaka kuoga.

Nilikuwa mpishi wa shule. Nilinunua Mbagala mwaka mmoja baada ya mabomu ya Aprili 2009, yale ya ghala la jeshi. Mtaani kwetu kulikuwa na waliochoka, wanauza bei ya kutupa, nami nikajiona mjanja. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, baraza mbele, mtindo wetu ule wa zamani. Mkono mmoja una bati, mwingine hauna. Muuzaji alikuwa ameegemeza kabati la vyombo ukutani. Siku ya kuhamia kabati lilipotoka, nyuma yake nikakuta ufa unaingia vidole vitatu. Tangu hapo nikienda kuona nyumba kabati lisogezwe kwanza, hata liwe la mkwe wangu.

Ule mkono usio na bati nikaupaua miaka miwili baadaye, bati la geji nyingine, mteremko umepishana kidogo na wa kwanza. Maungio yalivuja miaka minne. Kila masika fundi anakuja na lami yake, anapaka, analipwa, anaondoka, na mvua inarudi palepale. Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa analala na beseni. Wakikuambia "paueni viwili kwanza," mjue paa la nyumba moja halikatwi vipande kama mkate wa boflo. Kupaua nusu kunawezekana tu kama fundi aliichora nyumba hivyo tangu msingi, na pagale la mtu halikuchorwa kwa ajili yenu.

Na pagale lililokaa wazi nalo huliwa. Mvua inaingia kwa juu ya ukuta, tofali za juu zinaanza kumomonyoka. Chukua msumari ukwaruze tofali la chini na la juu. Likitoka vumbi jepesi kama sukari, mwenyewe alibania saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali 30 mpaka 35 za inchi sita unapata tofali la kusimama. Kuna wanaotoa 50 na zaidi, na ukuta unakuja kukwambia baadaye.

Lakini kilichonifundisha kupangisha hakikuwa paa, kilikuwa choo. Nilikuta choo kimoja cha shimo, mlango wa bati umefungwa kwa waya. Fedha yangu ya kwanza ya maana nikaweka marumaru chumba cha mbele, nikimtaka mpangaji wa ofisini. Walikuja wanne kwa nyakati tofauti. Wote walisifia marumaru. Wote wakaomba kuonyeshwa choo. Wote wakasema watanipigia simu. Mwaka uliofuata nikajenga vyoo viwili vya kumwaga maji, bafu mbili zenye paa, na simtanki la lita 1,000. Chumba kilipata mtu wiki ileile, wala hakuinama kutazama marumaru.

Barua yako ina vyumba, ina renta, ina hatua 20 kwa 20. Choo haina. Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, nendeni Chamazi bila dalali, mkae kwa mama muuza genge, mnunue nyanya, muulize: shimo hapa mnachimba futi ngapi kabla ya kukuta maji? Masika mashimo yanajaa? Gari la kunyonya linafika, au njia ni ya mtu na baiskeli? Gari lisipofika mtaishia kwa vyura, wale wanaotapisha vyoo kwa mikono, na hakuna mpangaji anayetaka kuamka akute vyura wanafanya kazi uani. Kisima kikiwepo, angalieni kiko umbali gani na vyoo vya majirani. Kwenye eneo la 20 kwa 20 choo chako na kisima cha jirani ni rahisi kuwa ndugu.

Na hizo hatua ni za nani? Dalali mfupi ana hatua fupi. Nendeni na futi kamba ya fundi.

Makaratasi nitayasema kwa kifupi, ingawa ndiyo yanayoliza watu. Mwulizeni muuzaji kama eneo limepimwa. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kina kitalu, kina bikoni, zile alama za mpaka ardhini, na kikiwa na hati mnaweza kufanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati mkajua kina mkopo au zuio. Kama hakijapimwa, karatasi yake itakuwa ya mauziano ya serikali ya mtaa. Wengi wetu tumenunua kwa karatasi hiyo, mimi mmojawapo, simcheki mtu. Ila hiyo karatasi inasema nani amemuuzia nani. Haisemi kama pale pamechorwa barabara au shule. Hilo linajulikana ofisi ya ardhi ya manispaa, kwenye mchoro wa mipango miji, na kwenda kuuliza ni nauli tu. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 walikuwemo watu waliokaa miaka na miaka. Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kwa barabara kuu, na pale Morogoro Road hifadhi iliyodaiwa ilikuwa pana kuliko hiyo. Na msinunue bondeni kwa sababu kiangazi panapendeza. Wa Jangwani walihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na nyumba nyingine za bonde la Msimbazi zikavunjwa tangu mwisho wa 2015. Ukitaka kujua nyumba, nenda siku ya mvua.

Halafu ulizeni muuzaji ana mke, au wake. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na mke wa pili anayetokea na watoto wiki mbili baada ya mauziano nimemwona kwa macho yangu mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mke asaini, majirani wa pande zote nne wawepo siku ya kuonyeshana mipaka, mjumbe awepo, na baraza la kata muulize kama eneo lina ugomvi. Mkiombwa hela ya ushahidi mtaani, ombeni stakabadhi. Fedha ya muuzaji ipite benki, si kwenye mfuko wa rambo. Na karatasi iandikwe majina yenu wawili, wewe na mumeo. Simsemi mumeo vibaya, simjui. Ila hizo 11 ni vitumbua na bodaboda, si bodaboda peke yake.

Sasa mfanye nini? Mkimpenda huyo muuzaji, mpelekeeni milioni saba na msubiri. Pagale lisilo na paa linamuuma yeye kila mvua kuliko nyinyi. Akikataa, msihuzunike. Mimi ningekuwa nyinyi ningetafuta kiwanja kitupu, milioni tano au sita, hata kama ni mbele kuelekea Mbande au Msongola, na nisiguse nyumba kubwa. Ningeanza na banda la uani: vyumba viwili mstari mmoja kwa nyuma kabisa, paa la mteremko mmoja, choo na bafu pembeni. Mnahamia mkiwa na sakafu ya udongo ulioshindiliwa kama ni lazima. Chumba cha tatu mnakiunga kwenye mstari uleule mwaka wa pili, hicho ndicho cha mpangaji. Sehemu ya mbele inasubiri nyumba yenu kubwa, na siku ikikamilika banda lote linakuwa la kupangisha. Watu wengi unaowaona na majumba Mbagala walianzia uani, ila hawasemi.

Lipo jambo moja tu linalonitia wasiwasi kwenye ushauri wangu mwenyewe, nalo ni wateja wako. Bodaboda inahama na mwenyewe, ingawa kijiwe kipya kina kiingilio na maneno yake. Vitumbua havihami. Wanaokunywa supu yako saa kumi na moja wako Tandika, wanakujua, wengine unawakopesha. Ukiwa Msongola utaamka saa ngapi kuwafuata? Kabla ya kuulizia bei ya kiwanja, kaa pale wiki moja alfajiri uone watu wanapita wapi kwenda kwenye daladala, na kama kuna mwenzako ameshaweka karai. Kama hawapiti, subiri uongeze milioni nyingine, utafute karibu. Nyumba inayoua biashara yako itabidi ilishwe.

Niandikieni kabla ya kulipa, si baada.

BI MKUBWA, nina vyumba viwili Tabata. Nipangishe wanafunzi wa chuo au familia?
Baba Tabata

Choo ni kimoja? Wanafunzi. Mchana hawapo. Ila kodi ongea na mzazi, si na mwanafunzi.

SHIKAMOO. Mama yetu alifariki akatuachia nyumba ya vyumba sita Magomeni. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi na naishi humo chumba kimoja, vitano wapangaji. Luku ni moja. Kila mwezi ni ugomvi. Tunagawana sawa, lakini wenye taa moja wanasema wanawalipia wenye friji. Mmoja amegoma kabisa kuchangia. Tena wanalalamika kuwa wakinunua umeme wanakatwa kodi ya nyumba, na nyumba si yao. Nifanyeje bila kuwafukuza?
Msimamizi, Magomeni

Marahaba, na Mungu amrehemu mama.

Wenye taa moja wana haki. Kugawana sawa kunafaa pale ambapo matumizi ni sawa, na hayajawahi kuwa sawa tangu friji la kwanza liingie uani. Mimi niliwahi kuwa na kijana mpole, mwenye salamu, kodi analipa kabla hajaombwa. Umeme ulikuwa unakatika kila baada ya siku nne. Tulimshuku mama wa friji mpaka akalia. Kumbe kijana ni dobi, anapokea nguo za mtaa mzima anazipigia pasi usiku mlango umefungwa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti nzima. Yeye anapiga kwa muda wa saa tano. Tulikaa naye, hakukataa, tukakubaliana alipie zaidi, na mpaka leo nguo zangu za sikukuu anapiga bure.

Basi kwanza uliza nani ana nini, mbele ya wote, uani, mchana. Taa, simu, redio na televisheni vihesabiwe fungu moja. Friji fungu lake. Pasi ya biashara fungu lake. Jiko la umeme sema wazi kama unaliruhusu au huruhusu. Andika, bandika ukumbini. Hiyo ni dawa ya muda. Dawa ya kudumu ni kimita kidogo cha ndani kwa kila chumba. Fundi umeme mwenye leseni anaifanya kazi hiyo, gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi zijazo, na kila mwisho wa mwezi mnasoma namba. Namba haina mdomo.

Mkiweza kuomba TANESCO Luku ya pili, ombeni. Watu sita kwenye mita moja mnajikosesha bei nafuu ya wateja wadogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba sita yenye friji mbili inapita hapo bila kuhema.

Kuhusu kodi ya jengo, wapangaji wako wamesema kweli tupu. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye Luku, ikaanzia 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ni 18,000 kwa mwaka, na mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba, yaani nyinyi warithi. Mita ndiyo imefanywa mkusanyaji. Itoe wewe mwenyewe: kila mwezi weka 1,500 yako kwenye mchango wa umeme kabla ya kugawana, na uwaonyeshe. Fedha ni ndogo, ila utaona jinsi aliyegoma atakavyolainika.

Na kwa kuwa wewe ni msimamizi, kodi za vyumba usiziweke mfuko mmoja na hela yako ya mboga. Ndugu zako wako kimya sasa. Daftari liwepo siku watakapoongea.

ASSALAAM ALAYKUM Bi Mkubwa. Niko Muscat mwaka wa nne, kazi za ndani. Namtumia kaka yangu fedha anijengee vyumba vitatu vya kupangisha Kigamboni, nikirudi nisianze na sifuri. Ananitumia picha. Mwezi wa kwanza picha ya tofali, wa pili tofali, wa tatu tofali. Nikiuliza anasema tofali zimeisha, zinahitajika nyingine. Sitaki kumkosea adabu, ndiye aliyenilea baada ya baba. Nimuulizeje?
Dada wa Muscat

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Usimuulize kama anakula hela. Muulize hesabu, kama mtu anayependa kujifunza. Chukua kalamu. Vyumba vitatu vya mita 3 kwa 3 vikikaa mstari mmoja, kuta ndefu mbili ni mita 9 kila moja, jumla 18. Kuta fupi ni nne, mita 3 kila moja, jumla 12. Una mita 30 za ukuta. Kwenda juu mita 3, unapata mita za mraba 90. Mita moja ya mraba inakula tofali 10 hivi za inchi sita. Ni kama tofali 900, na hapo sijatoa milango na madirisha, wala sijaweka msingi, ambao una hesabu yake. Mwambie kaka: "Kaka, nimejifunza kuhesabu huku, naona ukuta ni kama 900, sisi tumefika ngapi?" Akikujibu kwa namba, mshukuru. Akikujibu kwa hasira, umeshajibiwa.

Kutoka sasa usitume fedha ya "ujenzi." Tuma ya kazi yenye jina: msingi, kuta mpaka renta, renta yenyewe, kupaua. Fedha ya kazi inayofuata iondoke Muscat ukishaiona ya kwanza imekwisha, na uione kwa simu ya video, anatembea nayo kuzunguka kuta, na sauti ya fundi unaisikia. Picha ya tofali inaweza kupigwa kwa jirani. Vifaa vikubwa, saruji, nondo, bati, lipa moja kwa moja dukani, wakutumie risiti yenye jina lako.

Lakini tofali siyo zinazonitisha. Hati ya mauziano ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Hukusema. Kama ni la kaka, basi kisheria unamjengea kaka. Hata awe mwaminifu kama sala, Mungu apishe mbali, akitangulia, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na wifi yako na watoto watakuwa na haki yao hapo hata kama kila tofali ni jasho lako. Mwombe picha ya hiyo hati leo, kabla ya picha nyingine ya tofali. Jina likiwa si lako, afanye karatasi ya kukukabidhi mbele ya mwanasheria na serikali ya mtaa. Nawe ukitaka asaini kwa niaba yako, ubalozi wetu upo hapo hapo Muscat, waulize utaratibu wa hati ya kumpa mtu mamlaka, na mamlaka hayo uyataje moja moja: kusimamia ujenzi, basi. Kuuza usikuandike.

Adabu ya kumlipa aliyekulea mpe kwa njia yake. Mpe posho ya usimamizi kila mwezi, kiasi mlichokubaliana, iitwe posho. Mtu anayelipwa wazi hana sababu ya kujilipa gizani, na pengine muda wote huu kaka alikuwa anatoa nauli na chakula cha mafundi mfukoni kwake, anaona aibu kukuomba.

Likizo ukija, usifikie kwa kaka wala kwa shangazi. Chukua mkeka, ndoo ya maji na taa ya sola, ulale Kigamboni kwenye hivyo vyumba usiku mmoja, hata kama havina paa. Asubuhi majirani watakuja kukusalimia wakuulize wewe ni nani.